Nadhiri Ambayo Kaka Hakuiweka

Mwili wa kaka yangu Dabe Ram tuliuchoma kando ya mto, mwezi wa Magh, theluji ikiwa imefunika hata mawe ya kufulia nguo. Siku zote za matanga watu walikuja. Walikaa kwenye mikeka karibu na jiko la bati, wakanywa chai, wakamsema vizuri. Walisema alikuwa mchapakazi. Walisema hakuwahi kumnyima mtu dume la kupandishia, na kwamba sungura wake walikuwa weupe kuliko wote wa bonde hili. Yote ni kweli. Lakini hakuna aliyemtaja Shobhli. Niliwaona wakilikaribia jina hilo kisha wakikwepa, kama mtu anayevuka ua wa jirani akijua mbwa amelala wapi.

Naandika haya kwa sababu katika nyumba yetu mimi ndiye niliyefika darasa la kumi, na kwa sababu wajukuu wa kaka wataisikia habari hii nje, ikiwa imechongwa upya na watu ambao hawakuwepo. Afadhali waisikie ndani. Namwomba Devi, mungu wa kike wa kijiji chetu, aushike mkono wangu, nisimpambe ndugu yangu wala nisimwonee.

Baba yetu alikuwa na matufaha. Utotoni mwetu theluji ilifika kizingitini kila mwaka. Tulipokuwa wakubwa majira ya baridi yakalegea, na miti ya upande wa chini ikawa inatoa maua mengi na matunda machache. Wenzetu waling'oa mitufaha wakapanda makomamanga na nyanya. Kaka yeye alishuka kwenye shamba la serikali la sungura wa sufu, akarudi na kikapu mgongoni, ndani yake majike wawili na dume mmoja. Baba alichungulia akauliza paka hawa wametoka nchi gani. Alipoambiwa ni sungura, akauliza wataliwa lini. Kaka akamweleza kwamba hawa hawaliwi, wananyolewa tu, na sufu yao inasokotwa nyuzi za shali. Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo mwanangu amekuwa kinyozi," alisema.

Kwetu unyozi una ukoo wake, na ukoo huo si wetu, kwa hiyo maneno yale yalikuwa na mwiba. Jina likamganda. Mpaka nywele zake zinaingia mvi, upande huu wa mto na ule, kaka yangu alikuwa Kinyozi.

Chini ya nyumba yetu, mle walimokuwa wakilala ng'ombe zamani, akajenga vizimba vya mbao vyenye sakafu ya wavu, ili kinyesi kidondoke na manyoya yabaki safi. Siku za joto alitundika madirishani magunia yaliyoloweshwa maji, maana sungura hawa joto huwaua upesi kuliko mbwa. Aliwakatia majani ya mforsadi mwenyewe. Alivua viatu kabla ya kuingia mle, na shemeji yangu Bimbla, mkewe, alikuwa akimtania kwamba laiti angevua viatu vivyo hivyo kwenye mlango wa jiko lake, angekuwa mume wa kutafutwa na dunia nzima.

Siku ya kunyoa alimlaza mnyama mapajani. Alipasua manyoya kwa chanuo katikati ya mgongo, mstari mmoja ulionyooka toka shingoni hadi mkiani, kisha akakata upande mmoja na mwingine, mkasi ukiwa umelala karibu kabisa na ngozi, na ngozi ikiwa imevutwa kwa vidole isije ikakunjika. Sikuona hata mara moja akimtoa mnyama damu. Sungura akishanyolewa anabaki kitu kidogo tu, masikio mekundu, kama mtu aliyetoka kuoga akakuta taulo halipo. Kaka alimtia ndani ya koti lake, juu ya kifua, mpaka apate joto.

Na alikuwa na desturi moja ambayo lazima niieleze. Sungura hujilamba, na manyoya anayoyameza hawezi kuyatapika kama paka. Yakizidi yanasokotana tumboni yakawa donge, na mnyama anakufa kwa njaa ilhali tumbo limejaa. Kwa hiyo siku moja kila wiki kaka aliwanyima sungura wake punje zote, akawapa nyasi kavu na maji tu, ili tumbo lisukumwe lisafishike. Alichagua Jumanne kwa sababu Bimbla hufunga Jumanne kwa ajili ya mungu Hanuman. Alisema Jumanne nyumba nzima inafunga, juu na chini. Wafugaji wengine wakaiga. Mpaka leo ukiwauliza watoto wa bondeni kwetu kwa nini sungura hawali vizuri Jumanne, watakuambia ni washika dini.

Shobhli, jina ambalo kwa lugha yetu ni kama kusema Mrembo, alizaliwa mwishoni mwa baridi. Mama yake alijinyofoa manyoya ya tumbo kumtandikia kiota, kama majike wote wafanyavyo. Lakini huyu hakuwa kama wote. Kwa miaka mingi kaka alikuwa akipandisha wenye manyoya mazito kwa wenye manyoya laini, akichagua, akikataa, akianza upya. Sisi watu wa sufu tuna namna yetu ya kumpima mnyama. Unasogeza uso na kupuliza pumzi taratibu kwenye manyoya. Yanafunguka kama ua, na katikati unaiona ngozi. Kadiri ngozi inavyoonekana kidogo, ndivyo mnyama alivyo bora. Kaka aliniita, akampuliza Shobhli mbele yangu, akaniuliza kama nimeiona ngozi. Nikasema sikuiona.

"Hata mimi," alisema, akageuka upande ili nisiyaone macho yake.

Ng'ambo ya korongo alikaa Chune Ram, aliyewahi kuwa dereva wa lori, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe mlimani. Naye alifuga sungura, na mwaka baada ya mwaka alishinda maonyesho ya chama chetu cha wafugaji, yanayofanyika mjini wakati wa sherehe ya Dasera, miungu yote ya bonde inaposhushwa kwa machela kukutana uwanjani. Mwaka uliotangulia kaka alimkaribia sana. Chune Ram alimpiga bega akamwambia, "Kinyozi, mwakani lete sungura. Hiki ulicholeta leo ni mto wa kulalia, na tayari nimeanza kusinzia." Watu walicheka, kaka naye akacheka. Lakini walipokuja watu wa shamba la serikali, wakalichukua dume la Chune Ram kwenda kuendeleza mbegu, kaka aliacha kucheka. Mnyama wa mshindi huandikwa masikioni jina la mfugaji, na wote watakaozaliwa kwake hubeba jina hilo popote waendako.

Kaka hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na Jamna peke yake, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa kijiji cha juu na alikuwa mjamzito. Kaka aliwahi kuniambia, tukiwa tunakata majani, kwamba yeye akifa jina lake litabaki kwenye masikio ya sungura au halitabaki popote. Nilidhani ni mzaha.

Chama kina kanuni ya haki. Kila mnyama anayekwenda maonyesho hunyolewa siku moja na wenzake, mwezi wa Bhadon, mvua zikielekea kuisha, mbele ya katibu. Hivyo manyoya yote humfikia mwamuzi yakiwa na umri mmoja. Siku hiyo tulikusanyika barazani kwa chama. Katibu alikuwa Tikam, kijana mwenye miwani. Zamu ya kaka ilipofika, Tikam akanyoosha mkono ampokee Shobhli, na kaka akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu hanyolewi leo," alisema. "Aliugua masika, nikamwekea nadhiri kwa Devi. Nilisema akipona, mkasi hautamgusa mpaka Devi arudi kutoka Dasera, na manyoya yake yatakatwa uani kwake."

Kwetu nadhiri ya nywele si jambo la kuhojiwa. Mtoto anayeugua huwekewa nadhiri, na nywele zake haziguswi mpaka siku aliyoitaka Devi, hata zikifika kiunoni. Ni kweli kwamba hatukuwahi kusikia nadhiri ya namna hiyo kwa sungura. Lakini kila mtu alijua kaka alivyompenda yule mnyama. Tikam aliurudisha mkono wake. Chune Ram akavua kofia.

Shobhli hakuwa ameugua. Hakukuwa na nadhiri. Sisi tulikuwa hatujui. Mimi ninayepuliza siwa ya shaba mbele ya machela ya Devi tangu nilipoota ndevu, niliamini, na niliona fahari kuwa ndugu yangu ana imani kubwa kuliko yangu.

Tikam aliuliza kwa unyenyekevu kama mnyama asiyenyolewa anaweza kushindana. Kanuni ilisema hawezi. Aliyejibu ni Chune Ram. Alisema mnyama wa Devi hawezi kufungiwa mlango kwenye sherehe ya Devi mwenyewe, na kwamba kama kuna mtu ataona ameonewa, basi ni yeye Chune Ram, na yeye haoni hivyo. Wakakubali wote. Nilimtazama kaka nikitegemea atamshukuru. Alikuwa anafunga kamba ya kikapu, anaifungua, anaifunga tena.

Habari zikapanda milima. Wanawake walianza kuja nyumbani kumtazama sungura wa nadhiri. Walikuja na watoto wenye vifua vibovu, wakawagusisha manyoya yake. Bimbla aliwasha taa ya samli mbele ya kizimba asubuhi na jioni. Na hakuna mtu aliyekuja mikono mitupu. Walileta chapati zilizopakwa samli, sukari guru, vipande vya tufaha, halua. Jumanne zikaja zikapita. Kaka alijaribu mara moja kusema leo ni siku ya nyasi tu, na mama mmoja mzee aliyetembea toka kijiji cha mbali na halua yake ndani ya kitambaa akamtazama kama aliyepigwa kofi. Utamwambiaje mtu kwamba mnyama wa Devi leo hali sadaka? Bimbla, ambaye mwenyewe siku hiyo alikuwa amefunga, alimega halua akamlisha Shobhli kwa vidole vyake. Kaka alisimama pale akaangalia. Mtu aliyelifundisha bonde zima kuwafungisha sungura alishindwa kumfungisha wake.

Siku ya kwanza ya mwezi, kwa kalenda yetu ya jua, Devi aliketishwa uani, nasi tukapiga ngoma na siwa. Msemaji wake, tunayemwita gur, alipandwa, akavua kofia, nywele zikamwagika mabegani, akaanza kutetemeka. Kwa desturi huwapitia watu, akimpa huyu chembe za mchele, yule neno. Alipofika kwa kaka alisimama.

"Mimi sikukuomba kitu," alisema, akampita.

Watu waliona ni huruma, kwamba Devi amependezwa na kitu alichopewa bila kukidai. Walimpongeza. Nyumbani kaka aliketi kizingitini na viatu vyake miguuni, na chai ikapoa mkononi.

Tulishuka Dasera pamoja na Devi, mimi mbele na siwa, kaka nyuma ya machela na kikapu. Mjini chini kuna joto, hata msimu ule. Kambi ya Devi wetu ni hema moja ukingoni mwa uwanja, nasi tulilala humo. Manyoya ya Shobhli sasa yalikuwa marefu kuliko kiganja, na yalianza kuachia. Yalibaki kwenye nguo, kwenye blanketi, kwenye chai. Alijilamba mchana kutwa. Kisha akaacha kula.

Bimbla ndiye aliyeinua kile kinyesi kutoka kwenye matandiko, asubuhi ya siku moja kabla ya maonyesho. Kilikuwa vidonge vilivyofungana kwa unywele, kimoja nyuma ya kingine, kama tasbihi. Kila mfugaji anajua maana yake.

"Baba Jamna, tazama," alisema.

Kaka alisema ameona.

"Basi mnyoe. Anameza manyoya yake."

Kaka akasema nadhiri. Alilisema neno hilo akiwa ameinama chini.

Bimbla aliinuka. Kisha akaenda kwenye mfuko akatoa mkasi. Alisema atamnyoa yeye. Devi akikasirika ampige yeye mwanamke mzee, amwache Jamna na mtoto aliye tumboni. Alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kikapu, midomo inacheza kwa dua. Aliamini kabisa kwamba mkasi ule ungemuua yeye mwenyewe. Kaka akaushika mkono wake, akautoa mkasi polepole kidole kwa kidole.

"Kesho," alimwambia. "Mwamuzi akishamwona, kesho nitakwenda kwa Devi nimwombe."

"Kesho ya nani? Yako au yake?"

Kaka aliutia mkasi mfukoni. Nilikuwepo pale mlangoni mwa hema, nikasema moyoni kwamba ndugu yangu anamcha Devi kupita kiasi. Hivyo ndivyo nilivyoelewa.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja, daktari wa mifugo kutoka tambarare, mpole, mwenye shali begani. Alimweka Shobhli mezani na uwanja mzima ukasogea. Akainama akapuliza. Manyoya yakafunguka. Akapuliza mahali pengine, na pengine, na kila mara alinyanyua uso akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari njema. Alisema hajawahi kuona sufu nzito namna hii. Watu waliachia pumzi. Chune Ram, aliyesimama na dume lake mikononi akisubiri zamu, alimwambia kaka kwa sauti ya kusikika na wote, "Haya Kinyozi, leo mimi ndiye mto."

Ndipo yule daktari akapitisha mkono chini ya tumbo. Uso wake ukabadilika. Alibonyeza kidogo, akabonyeza tena, akauliza mnyama huyu hajala tangu lini. Kaka alitaja siku, na nilimsikia anapunguza. Daktari akasema tumboni kuna donge kubwa kama yai, anyolewe sasa hivi, apewe mafuta na nyasi, huenda akapona, lakini sasa hivi.

Hakuna aliyesogea. Tikam alimweleza daktari habari ya nadhiri. Daktari alisema yeye hazijui nadhiri za huku, anajua matumbo.

Kaka alikuwa amesimama mkono mmoja juu ya mgongo wa mnyama wake. Angeweza kusema neno moja. Nilimwona anafungua mdomo. Lakini Chune Ram alitangulia. Aliliweka dume lake mezani, likiwa halijatazamwa na mwamuzi, akavua kofia.

"Twende kwa Devi," alisema. "Tumwombe sote amfungue. Kama kuna faini, tutagawana. Mimi nitatangulia."

Wakaenda. Chama kizima, wanaume na wanawake, wakavuka uwanja nyuma ya Chune Ram, wakiacha wanyama wao mezani, na kaka katikati yao amemkumbatia Shobhli kifuani ndani ya koti. Wauza karanga walitupisha. Mimi nilikimbia mbele nikachukua siwa. Tulipiga ngoma mpaka gur akapandwa. Wale watu wote wakakunja mikono. Chune Ram akapiga magoti kwenye vumbi, mtu mnene vile, akaanza kumsemea kaka: kwamba mtu huyu ameweka nadhiri kwa moyo safi, kwamba mnyama anakufa, kwamba Devi ni mama na mama haangalii—

"Nyamaza, ndugu yangu," kaka alisema. "Hakuna nadhiri."

Ngoma zilikoma zenyewe.

"Hakuugua," alisema. "Sikuweka kitu chochote. Nilitaka kushinda."

Sitaandika nilichokiona kwenye nyuso za watu. Nitaandika juu ya Bimbla peke yake, kwa kuwa alisimama karibu nami. Aliutazama mkono wake wa kulia, ule uliowasha taa na kulisha halua na kushika mkasi, akaufunika kwa ncha ya shali yake.

Kaka alitoa mkasi mfukoni. Akapiga magoti, akamlaza Shobhli mapajani, akapasua mstari mgongoni, lakini mstari ukapinda, na alipokata mara ya kwanza alimtoa damu. Chune Ram alimsukuma bega, si kwa ukali, akauchukua mkasi. Alimnyoa yeye, pale pale kwenye vumbi mbele ya machela, vizuri, hadi mwisho. Manyoya yalijaa mfuko wa unga. Hakuna aliyejua ni ya nani. Devi hakuyaomba, chama kisingeyapokea, na kaka hakuyatazama.

Tulisubiri neno la Devi. Nieleze hapa kwa nini faini ni jambo jema kwetu. Mtu akimkosea Devi hutozwa: mbuzi, au karamu ya kijiji. Anatoa, wanakula pamoja naye, na kuanzia siku hiyo ni mwiko mtu yeyote kulitaja kosa lile. Faini ndiyo mlango wa kutokea. Gur alikuwa bado anatetemeka, nywele usoni. Alimgeukia kaka.

"Sikukuomba," alisema. "Sikudai." Kisha pepo akamwacha, akaomba maji.

Shobhli alikufa alasiri ya siku ya pili, mapajani mwa Bimbla, akiwa amevikwa kitambaa cha sufu. Dume la Chune Ram lilishinda. Hakulishangilia.

Kaka aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliendelea kufuga, kwa kuwa hakujua kazi nyingine, lakini hakupeleka tena mnyama maonyesho. Siku ya kunyoa alikuwa wa kwanza kufika barazani, akawanyoa wake wote nje, kando ya barabara, kila apitaye aone. Kila siku ya kwanza ya mwezi alisimama uani kwa Devi kichwa wazi, akisubiri atozwe. Gur alimpita. Alikwenda hata kwa msimamizi wa hekalu akaomba atoe mbuzi kwa hiari. Msimamizi alimwambia mbuzi asiyedaiwa ni mbuzi tu.

Watu hawakumtenga. Walimwalika arusini, walimwazima jembe. Mjukuu alizaliwa salama, binti, na Bimbla alimshukuru Devi kwa machozi, akaendelea kumpikia mumewe na kumtania kuhusu viatu, ingawa taa ile ya samli hakuiwasha tena huko chini. Kilichomuumiza kaka ni Chune Ram. Chune Ram alimsalimia kwa heshima, alimuuliza hali ya nyumbani, alimpisha njiani. Lakini hakumtania tena. Alimwita Baba Jamna. Jina la Kinyozi, ambalo kaka alilichukia ujana wake wote, halikutoka tena kinywani mwa mtu yule, na niliwahi kumwona kaka, baada ya kupishana naye darajani, amesimama ameshika kamba ya daraja kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Mimi naye hatukulizungumza. Tulikaa kwenye nyumba moja, tukala jiko moja. Siku nikipuliza siwa, niliona kwamba anasimama mahali ambapo Devi akipitishwa kivuli cha machela hakitamfikia. Nami niliona haya kwa niaba yake, na saa nyingine, Devi anisamehe, niliona haya kuwa ndugu yake.

Baridi hii kifua kilimkamata. Alikwenda upesi.

Kwetu ndugu huja kila mmoja na shali kumfunika maiti kabla hajabebwa. Zikapangwa juu yake, zenye mapindo ya rangi nyekundu na kijani, moja juu ya nyingine. Bimbla alikuja wa mwisho. Alileta shali moja nyeupe kabisa, isiyotiwa rangi, isiyo na pindo wala ua. Ilikuwa na ukungu wa manyoya juu yake, kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi. Nilijua mara moja kwamba ni yale manyoya ya mfuko wa unga. Sijui aliusokota lini ule uzi. Gurudumu lake la kusokotea lililia kila siku nyumbani mwetu, nani angehesabu. Nilimshika mkono. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba sufu ile ni sufu ya uongo, tusimpeleke nayo ndugu yangu mbele ya Mungu.

"Acha, shemeji," alisema. "Hii ni yake."

Akaitandaza kuanzia kidevuni hadi miguuni, akaisawazisha kwa kiganja. Chumba kilikuwa kimejaa watu wa sufu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Chune Ram alijipenyeza mbele, sasa mzee, anatembea kwa fimbo. Nilidhani ataitoa. Alivua kofia, akainama kwa shida mpaka uso wake ukakaribia kifua cha kaka, akapuliza taratibu. Ule ukungu mweupe ukafunguka.

Akapuliza tena, mahali pengine, kama mwamuzi.

"Kinyozi," alisema. "Hata uzi siuoni."

Kisha akashika mti wa mbele wa jeneza, upande wa kulia, mahali pa ndugu wa damu, nami sikumwambia ahame. Tulimbeba pamoja mpaka mtoni.